Asteria Hakuwa Akisali

Jambo lenyewe lilikuwa hili: Asteria abaki kwenye nyumba yake, au afungashe aondoke. Mengine yote ni njia ya kufikia hapo.

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na bati juu, iko huku machimboni kwetu, mwendo wa bodaboda kutoka Kharumwa. Aliijenga mwenyewe baada ya mumewe Masalu kufa. Masalu hakufia shimoni kama watu wa mbali wanavyopenda kudhani. Alikufa kwa homa, amelala kitandani kama binadamu wengine. Kwao Asteria ni karibu na Kolandoto, ila kaka zake walishagawana mashamba, na yule mdogo alimwambia wazi kuwa fungu lake ni kuja kusalimia na kurudi alikotoka. Kwa hiyo hana kwingine.

Sasa sikilizeni. Usukumani mwanamke mjane, umri umekwenda, macho mekundu, hapaswi kuwa na mazoea ya kuongea peke yake. Macho yenyewe ni moshi tu. Ukipikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote, hata wewe yatakuwa mekundu. Lakini wapo wanawake walioitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa macho hayo, na kila mtu anawajua kwa majina, na hakuna anayewataja. Asteria macho yake yalikuwa mekundu. Na alikuwa akiongea peke yake, tena kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.

Lugha hiyo aliipata Shinyanga mjini. Alipomaliza darasa la saba, baba yake alimpeleka kufanya kazi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, familia iliyokuwa ikinunua pamba tangu enzi za babu. Kazi haikuwa kubwa. Alikuwa wa kumwangalia mama mzazi wa mwenye duka, Bi Manjula, aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Amwogeshe, amsuke, amshike mkono kwenda chooni, amchambulie dengu. Bi Manjula alikuwa na kitanda cha kamba uani, na alikaa hapo kutwa nzima akisema maneno ambayo wanawe hawakuyaitikia.

Siku ya kwanza Asteria alidhani bibi anasali, akanyamaza kwa heshima na kuacha kuchambua. Bibi akamuuliza kwa nini kimya.

"Nakusubiri umalize sala, Bibi."

"Sala iko kule kwa chumba ya mungu," Bi Manjula akasema. "Hii iko ya kucheka."

Baba yake Bi Manjula alikuwa mwalimu huko Bara Hindi, akifundisha lugha yao ya kale, Kisanskriti. Jioni, badala ya redio ambayo hawakuwa nayo, baba na binti walikuwa na mchezo. Mmoja anasema shairi. Mwingine anapokea kwa shairi lingine linaloanza na sauti ileile lile la kwanza lilipoishia. Anayekosa ndiye anayekwenda kuchota maji. Bi Manjula aliolewa, akapanda meli, akafika Shinyanga, na tangu siku hiyo hakupata mtu wa kucheza naye. Mumewe alijua bei ya pamba. Wanawe walijua Kigujarati cha nyumbani, Kiswahili cha dukani na Kiingereza cha kuandikia barua za benki. Basi kazeeka na mashairi yake kichwani kama mtu mwenye bao asiye na mwenzake.

Akamfundisha Asteria. Si kwa hisani. Alitaka mtu wa kucheza naye, na Asteria ndiye aliyekuwepo. Alimkaririsha kwa sauti tupu kwanza, kama tunavyowafundisha watoto nyimbo kabla hawajajua zinasema nini. Maana zilikuja baadaye, jikoni, wakati wa kukanda unga.

"Watu ya zamani kwetu nasali, ndiyo," Bi Manjula alimwambia. "Lakini ukimaliza sala nasikia njaa. Nataka kusema mjomba bahili. Nataka kusema mume hapana rudi. Nataka kucheka mfalme. Yote hii nataka shairi. Mungu hapana hasira. Yeye ndiye aliweka tumbo."

Walicheza miaka mingi. Bi Manjula alipofariki, mwenye duka aliuza, akahamia Dar es Salaam, na kutoka kule nasikia walipanda ndege, wakahama nchi. Asteria alirudi kwao, akaolewa na Masalu, wakafuata dhahabu huku. Masalu akachimba, akapata kidogo, akakosa, akafa. Asteria akaenda mwaloni.

Kwa asiyejua: jiwe likitoka kwenye duara, yaani shimo lenyewe, linapelekwa kwenye karasha kusagwa. Unga wake unakuja kwetu mwaloni. Unamwaga maji juu ya ubao uliotandikwa gunia, udongo unateremka, dhahabu kwa kuwa ni nzito inanasa. Unamwaga, unangoja, unamwaga. Mgongo unauma kuanzia asubuhi. Wengine wanaimba kwaya, wengine wanaimba Bongo Fleva, wengine wanasengenya. Mimi nilikuwa nawauzia chai na chapati, kwa hiyo nilisikia yote. Asteria alikuwa anasema mashairi ya Bi Manjula. Uso wake haukuwa na kitu chochote. Tangu Masalu afe uso ule ulikuwa kama ukuta uliosahauliwa kupakwa rangi.

Bhoke, Mkurya wa Tarime, mwenye mdomo kuliko mimi, ndiye aliyemuuliza, akimwita mayu, yaani mama, kama Wasukuma.

"Mayu Asteria, leo unamwomba nani?"

"Simwombi mtu."

"Sasa huyo unayemsemesha?"

"Bahili."

"Bahili gani?"

"Wa zamani. Alishakufa."

"Ahaa. Basi unaongea na wafu."

"Wewe ukiimba mapenzi ya redioni unaongea na nani?"

"Naongea na mume wangu," Bhoke akasema, "ila hasikii."

Wakamlazimisha aeleze. Akaeleza bila kuacha kumwaga maji. Mgeni amefika kwa bahili jioni. Bahili anamsifia mgeni miguu yake, anamsifia njia ilivyo nyoofu, anasifia mwezi unavyomulika, ili mradi mgeni aendelee na safari. Mgeni anasema: katika nyumba ile yote, aliyenikaribisha kwa moyo ni chungu kilichokuwa kikitokota kule ndani.

Wanawake wakacheka hadi Bhoke akamwaga unga wa watu. Wakawataja mabahili wetu wenyewe, kila mtu wa kwake. Toka siku hiyo wakawa wanamwomba: tupe la bahili, tupe la mzee aliyegombana na kioo. Kwa hiyo mwaloni tulijua. Wanawake wote tulijua kuwa yale ni maneno ya kucheka na ya kusikitika, kama nyimbo zozote. Wanaume hawakujua kwa sababu hawakuuliza.

Donatus alikuwa mwenye duara. Mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kosa moja: aliamini kila mtu. Mchungaji alimwaga mafuta kwenye duara lake. Mganga alichinja kuku mweupe hapohapo. Duara likakaa kimya, bila dhahabu. Siku moja alipita mwaloni, akamsikia Asteria, akatoa simu akamrekodi bila kumwambia. Kesho yake alikwenda Shinyanga kununua kifaa cha pampu, na mwenye duka la vipuri alikuwa kijana wa Kihindi. Donatus akamsikilizisha.

Yule kijana, Donatus anasimulia, alisimama. Akamwambia hicho ni Kisanskriti, kwao husikika hekaluni, kwenye harusi na kwenye msiba, na yeye mwenyewe haelewi hata neno, wanaoelewa ni makuhani. "Ni lugha ya sala," akasema. Akaomba Donatus aicheze tena.

Simlaumu kijana. Msomee Mkatoliki wa siku hizi matusi kwa Kilatini, atapiga magoti.

Lakini Donatus alirudi huku ameshapata jibu lake, na mtu aliyepata jibu hasikii tena swali. Jioni ileile akaenda kwa Asteria. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kuazima ungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Nataka uniombee duara."

"Siombei, baba. Mimi ni Mkristo wa kawaida, nakwenda Jumapili."

"Naongelea ile lugha."

"Ile si sala. Ile uliyoisikia jana ni ya mzee anagombana na kioo."

Donatus akatabasamu, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye nitakayemsaidia. "Mama, mwenye duka la vipuri huko Shinyanga ameisikia akasema ni sala, naye ni Mhindi. Wewe ni Msukuma wa Kolandoto. Kuhusu mambo ya Wahindi, nimwamini nani?"

"Mwamini unayemtaka," Asteria akasema. "Ila si sala."

"Sawa. Njoo uiseme hiyo isiyo sala kwenye duara langu."

Alikuja tena, na tena. Alikuja na sukari. Mwisho Asteria akaenda. Watu walidhani ni tamaa, maana Donatus alimlipa mifuko ya mawe kama wanavyolipwa wachimbaji. Mimi nadhani alichoka tu kusema hapana. Akakalishwa kwenye kiti cha plastiki mdomoni mwa duara, wanaume wakavua kofia, naye akasema la bahili na chungu chake. Wanaume wakaitikia amina.

Wiki ileile jiwe likabadilika rangi. Dhahabu ikatoka.

Nani angemzuia mtu hapo? Wakamwita Mama Sala. Wenye maduara mengine wakaanza kugombania kiti cha plastiki. Kila asubuhi Asteria anachukuliwa na bodaboda kupelekwa kwenye shimo la mtu, anasema mambo ya mfalme mnene aliyekwama mlangoni, watu wazima wanainamisha vichwa, anarudishwa.

Nilimwambia. "Asteria, hili litakugeuka."

"Nimewaambia si sala."

"Waambie tena."

"Nimewaambia kila mara kabla sijakaa. Unataka nibishane nao mpaka giza liingie?" Alikuwa anamenya viazi. "Kwani wanadhurika nini?"

Na ukweli ni kwamba alikuwa anakula vizuri, akaanza kuezua bati bovu la jikoni. Na hata kama uso haukubadilika, sauti ilikuwa imepata nguvu. Tangu uani kwa Bi Manjula hakuwa amepata watu wa kukaa kimya na kumsikiliza. Hawakuelewa, lakini walisikiliza.

Mvua za masika zilipoanza, udongo ukalainika. Kwenye duara, kuta zinashikiliwa na matimba, magogo yanayopangwa kuzuia kifusi. Matimba ya duara la Donatus yalikuwa yameoza. Nilisikia wachimbaji wenyewe wakiyasema huku wanakunywa chai yangu. Donatus alisema yatabadilishwa mvua ikipungua.

Siku ile mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Asteria akakaa chini ya turubai, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha alisema shairi la mvua. Abel, kijana wa Suzana, mmoja wa wachimbaji wa Donatus, alishuka na wenzake. Wenzake walikuwa wamepanda kuvuta kamba kifusi kiliposhuka. Walimtoa mchana. Uso wake ulikuwa safi, kifuani ndiko kulikokuwa kumevunjika.

Tulizika. Hata kabla udongo haujakauka Donatus alikuwa ameshasema: "Yule mama alibadilisha maneno. Siku zote anasema yale, siku ile akasema mengine." Na ilikuwa kweli, alibadilisha. Neno likapita kwenye karasha, likapita mwaloni, likafika kwenye vilabu vya pombe, na lilipokuwa linarudi lilikuwa limeota meno. Kwamba alimtoa Abel sadaka ili duara liendelee kutoa. Kwamba hata Masalu hakufa kwa homa.

Usiku uleule mtu alirusha jiwe likapasukia kwenye mlango wa Asteria. Asubuhi alivifagia vipande.

Kamanda wa sungusungu wetu ni Mihayo. Sungusungu ni ulinzi wetu wenyewe, na mkutano wao ukikaa, uamuzi wao ndio uamuzi. Niseme haki: Mihayo aliitisha mkutano haraka kusudi vijana wasimalize jambo kwa mapanga. Alisema mbele ya wote: "Hapa kuna mawili. Akiwa msafi, abaki nyumbani kwake na asiguswe. Asipokuwa msafi, aondoke akiwa mzima. La tatu halipo." Wanawake tukakaa upande wetu, wanaume upande wao, Asteria katikati kwenye gogo.

"Ulisema nini siku ile?" Mihayo akamuuliza.

"Shairi la mvua."

"Liseme kwa lugha tunayoielewa."

Asteria akalisema kwa Kisukuma, taratibu, sentensi kwa sentensi. Ni mke anasema. Mume wangu aliondoka akaniambia nitarudi na mvua ya kwanza. Mvua imekuja. Vyura wamekuja, majani yamekuja, hata mgeni wa jirani amekuja. Siigombezi mvua, yenyewe imetimiza ahadi.

Nilidhani wameelewa. Ni maneno mazuri, hata mimi mkavu nimewahi kuyarudia peke yangu.

Suzana, mama yake Abel, hakupiga kelele. Alikuwa amenyolewa kichwa, amekaa miguu mbele. Aliuliza tu.

"Asiyerudi ni nani?"

"Ni mume wa mtu, Mayu. Hana jina."

"Siku ile mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ilikuwa."

"Na mwanangu hakurudi."

"Hakurudi," Asteria akasema.

Basi. Pale pale niliona vijana wamejiweka sawa, kama watu wanaotaka kuinuka. Bhoke akaninong'oneza, "Angewapa la bahili tu."

Mihayo akainua mkono. "Aliyetunga hayo ni nani?"

"Simjui. Watu wa kale wa Bara Hindi. Miaka elfu na zaidi, bibi alisema."

"Yanamwomba Mungu gani?"

"Hayamwombi."

"Yanaita mizimu?"

"Hapana."

"Yanatibu?"

"Hapana."

"Hayamwombi Mungu, hayaiti mizimu, hayatibu. Na watu wakayabeba miaka elfu, wakavuka nayo bahari, wakakufundisha wewe. Kwa kazi gani?"

Asteria akafikiri. "Ni matamu."

"Matamu."

"Ndiyo."

"Muwa ni mtamu," Mihayo akasema, "na hakuna anayeutunza miaka elfu."

Wanaume wakacheka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika kicheko kile, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nikasimama nikasema matimba yalikuwa yameoza, na kila aliyekunywa chai kwangu anajua. Mihayo akasema hoja ya matimba itasikilizwa siku yake. Siku yake haijafika hadi leo.

Ndipo akasimama Maduhu. Maduhu alikuwa ning'i, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, upande wa Bagalu, mmoja wa pande mbili za ngoma zinazoshindana kwetu, na ingawa sasa meno yamebaki machache hajawahi kuona mkutano akaacha kuupendeza. Alikuja na mkia wake wa nyumbu, akaupunga.

"Mnanishangaza," akasema. "Mimi nimetunga nyimbo nyingi kuliko mbuzi wa mtu yeyote hapa. Nilimwimba mtendaji aliyekula kuku wa watu. Nilimwimba mke wangu aliyenikimbia. Je, nilikuwa nasali? Huyu mama anazo nyimbo, kama mimi nilivyo nazo. Za kwake ni za Wahindi, za kwangu ni za Bagalu. Wimbo ni wimbo."

Tulipumua. Alikuwa amesema vizuri kuliko wote. Wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nilimwona Asteria ameinua uso mara ya kwanza.

Mihayo naye alikuwa amecheza ngoma ujanani, upande wa pili, wa Bagika.

"Guku Maduhu," akasema, akimwita babu kwa heshima, "ule mwaka wa mashindano, baada ya mavuno, watu wote walituacha sisi wakahamia kwako. Uwanja wetu ukabaki na mbwa. Ulifanyaje?"

"Niliimba vizuri."

"Tu?"

Watu wakaanza kucheka kabla hajajibu. Maduhu akaupunga mkia, akauacha.

"Dawa ilikuwepo," akasema. "Ya kuvuta watu. Ngoma bila dawa ni debe."

"Ilikuwa kwenye ngoma au kwenye maneno?"

Angesema kwenye ngoma, tungemaliza saa ile, kila mtu akarudi nyumbani kwake na Asteria kwake. Lakini ning'i hadanganyi kuhusu dawa yake. Ndiyo sifa yake, ndiyo iliyomfanya ajulikane hadi ng'ambo ya Kharumwa. Mwombe avue suruali atavua, usimwombe aikane dawa.

"Kote," Maduhu akasema. Alijinyoosha hata. "Maneno yangu yalikuwa makali kuliko ngoma."

"Asante, Guku. Kaa."

Akakaa, bado anatabasamu. Sidhani ameelewa hadi leo alichokifanya. Ameshaulizwa sana mwaloni na hujibu kwamba alimtetea, tena kwa ufasaha.

Wanaume wakasogea pembeni kujadiliana. Asteria alibaki kwenye gogo. Nilimpelekea maji, akanywa, akanirudishia kikombe. "Asante, Mama Eliya," akasema, kama vile tuko kwangu mezani.

Mihayo alirudi akasema: hatujamwona na hatia ya damu, na hatujamwona hana kitu. Hakuna ajuaye maneno hayo yanafanya nini, hata yeye mwenyewe huenda hajui, alifundishwa akiwa mtoto. Kwa hiyo achague. Aondoke kabla ya mnada ujao wa ng'ombe, na vijana watambebea vitu hadi barabarani. Au abaki, na lugha ile isisikike tena. Si mwaloni, si njiani, si kwake. Ikisikika hata mara moja, anatengwa. Hapo hapewi moto, hasalimiwi, hazikwi.

"Hata ndani kwangu, mlango umefungwa?"

"Bati halizuii sauti."

"Na moyoni?"

Mihayo akakuna shingo. "Moyoni ni kwako na Mungu."

Tulidhani ataomba siku za kufikiri. Hakuomba. Aliangalia upande wa nyumba yake, ambayo kutoka pale inaonekana pembe ya bati tu.

"Nabaki," akasema.

Watu waliniuliza baadaye kama alilia. Hakulia. Alisimama, akakung'uta kanga, akamwendea Suzana akampa pole kwa mikono miwili. Suzana aliipokea mikono, lakini alikuwa anatazama kwingine.

Kazi inaendelea. Donatus alifukia duara, akafungua lingine mbele kidogo, kwa matimba mapya. Asteria anamwaga maji, anangoja, anamwaga. Mdomo umefungwa. Mwanzoni midomo ilikuwa inachezacheza bila sauti, Bhoke akamkanyaga mguu, ikaacha.

"Basi tuambie kwa Kisukuma," Bhoke alimwambia siku moja. "Kwa Kisukuma hawakukataza."

"Kwa Kisukuma inakuwa habari tu," Asteria akasema. "Mtu alikwenda kwa bahili, hakulishwa. Kuna nini hapo?"

Nami nilimuuliza, tukiwa wawili, kama anayasema moyoni. Akasema alijaribu. Moyoni hayakai, yanataka mdomo. Lile la kioo limekatika katikati. La mfalme mnene analo mwanzo tu. Aliniambia hivyo huku anapanga kuni, kwa sauti ya mtu anayekueleza kuwa kuku wake wameacha kutaga. Nikamwambia pole. Akasema hakuna shida.

Arobaini ya Abel ilifika. Kwetu msiba ni wa wanawake wote, kila mmoja anakwenda na kisu chake na mwiko wake. Lakini Mihayo alikuwa amesema tu kwamba Asteria asihamishwe. Hakusema watu wafanye nini naye. Hilo halijatolewa uamuzi na mkutano wowote. Wengi tulidhani hatakuja.

Alikuja na kisu. Akasimama pale miba ya ua inapoishia, hakuingia. Wanawake tukaendelea na mchele, kila mtu anachambua kama vile kokoto ni nyingi kuliko siku zote. Mimi nilikuwa kwenye moto. Nilitaka kumwita, lakini mji haukuwa wangu wala marehemu hakuwa wangu.

Suzana alitoka ndani na sufuria ya mboga. Akamwona. Alisimama nayo mikononi kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Kisha akaweka sufuria chini.

"Vitunguu havijamenywa," akasema.

Asteria akaingia, akatafuta nafasi mkekani. Bhoke akasogeza goti. Akaanza kumenya. Hakuna aliyemsemesha na hakuna aliyehama. Tulipika, watu wakaja, wakala. Jioni aliosha sufuria pamoja na sisi, akafuta kisu chake kwenye kanga, akashika njia ya nyumbani kwake.